Injini Imechoka: Tuifungue au Tununue Nyingine?

Barua tatu za toleo hili zinauliza jambo moja kwa njia tatu tofauti. Nimezipanga pamoja kwa sababu majibu yake hayafanani, na kutofautiana huko ndiko msomaji anakopaswa kukuangalia kabla hajatoa fedha mfukoni.

SWALI LA KWANZA

Ndugu mshauri, ninamiliki Toyota Ist ya mwaka 2004 yenye injini ya 1NZ, ambayo nimempa kijana mmoja anaifanyia biashara ya teksi hapa Dodoma na kuniletea hesabu ya shilingi 25,000 kwa siku. Tangu mwezi wa tatu gari linatoa moshi wa bluu asubuhi linapowashwa, na moshi huo hurudi dereva anapokanyaga mafuta ili kulipita gari jingine. Linakula oili lita 1 kwa takriban kilomita 600. Halijawahi kuchemsha, wala haligongi. Fundi wangu alifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, akanionyesha hewa inayofuka, akasema injini inapumua na ringi za pistoni zimekwisha, hivyo tuifanyie ovahoo, yaani kuifungua na kuijenga upya, kwa shilingi 950,000: ringi, metali (beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni), seti ya gasketi na ufundi. Fundi wa pili ananishauri nisipoteze fedha, ninunue injini ya mtumba ya Japani ambayo ameiona Dar es Salaam, kwa shilingi 1,700,000 pamoja na kufunga. Wote wawili ninawaheshimu. Nimsikilize yupi?

Msomaji, Dodoma

JIBU

Kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao, ndugu yangu, kwa sababu hakuna aliyepima. Mmoja ameangalia tundu la oili na mwingine ameangalia soko. Hewa inayofuka kwenye tundu la oili hutisha macho kuliko inavyostahili, kwani injini yoyote iliyotembea hupitisha kiasi fulani cha gesi pembeni mwa ringi, na hata 1NZ yenye afya itafuka kidogo ukiifungua kifuniko ikiwa ya moto. Gesi hiyo ina njia yake rasmi ya kutokea, nayo ni valvu ndogo ya PCV iliyochomekwa kwenye kava la juu la injini, ambayo huirudisha kwenye njia ya hewa ili iungue upya. Valvu hiyo ikiziba kwa tope la oili, gesi hukosa pa kwenda, shinikizo hupanda ndani, na oili husukumwa mahali isipotakiwa. Mwambie fundi aichomoe mbele yako, aitikise karibu na sikio: nzima hucheza na kulia ndani, iliyoganda hukaa kimya. Baada ya hapo aipulize kwa mdomo kupitia mpira safi. Hewa ipite upande mmoja tu. Ni kazi ya dakika 10, na kifaa chenyewe hakikaribii hata kidogo bei uliyotajiwa.

Moshi wako nao unasema mambo mawili kwa wakati mmoja. Moshi wa bluu unaotoka asubuhi gari likiwashwa, kisha ukapotea, kwa kawaida unatokana na sili za valvu zilizokauka, kwa kuwa usiku kucha oili huteremka tone kwa tone kupitia shina la valvu na kuangukia juu ya pistoni. Moshi unaotoka injini ikiwa na mzigo, dereva anapokanyaga mafuta kwa nguvu, huelekea zaidi kwenye ringi. Wewe una yote mawili. Kuna jaribio moja la kutofautisha ambalo unaweza kulifanya mwenyewe: teremka mlima mrefu mguu ukiwa nje ya pedeli ya mafuta, kisha ukifika chini ukanyage huku mtu aliye nyuma akitazama bomba la moshi. Wingu likitoka hapo kisha likakatika, zishuku sili za valvu kwanza, kwani wakati wa kuteremka mvuto wa hewa ndani ya silinda huwa mkali na huinyonya oili kupitia hapo.

Sasa tupime. Injini ipashwe moto, plagi zote nne zitolewe, nyaya za koili na za nozo za petroli zichomolewe, betri iwe imejaa, na msaidizi akanyage pedeli ya mafuta hadi mwisho wakati starta inazungusha. Geji ya mgandamizo, ambayo mafundi wengi huita kompresheni, ichomekwe kwenye kila tundu la plagi kwa zamu na namba ziandikwe kwenye karatasi, silinda ya kwanza mpaka ya nne. Kwa 1NZ yenye afya sindano hufika karibu psi 210 (psi ni kipimo cha shinikizo). Ikianguka chini ya 155 hivi, silinda hiyo imechoka. Na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 15 au karibu na hapo. Silinda iliyo chini imwagiwe kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, ipimwe tena. Namba ikipanda, oili imeziba nafasi ya ringi kwa muda, maana yake hewa inapotelea chini. Ikibaki palepale, hewa inapotelea juu, kwenye valvu au gasketi ya hedi (sehemu ya juu inayofunika silinda), na ovahoo ya ringi na metali uliyotajiwa isingeigusa shida yako hata kidogo.

Nakuonya juu ya jambo moja ambalo huwapotosha hata mafundi wazuri. Pistoni ya petroli ina ringi mbili za kubana hewa na seti ya tatu, ya chini, ambayo kazi yake ni kukwangua oili kwenye kuta za silinda na kuirudisha chini. Hiyo ya tatu inaweza kuganda kwa masizi na kuacha kufanya kazi huku zile mbili za juu zikibana vizuri kabisa, ukapata namba nzuri kwenye geji na gari likaendelea kunywa oili. Kwa hiyo, namba zikiwa nzuri, badilisha PCV na sili za valvu kwanza. Sili hubadilishwa bila kushusha hedi, kwa kujaza hewa ya kompresa ndani ya silinda ili valvu isidondoke. Kisha pima ulaji wa oili kwa kilomita 1,000. Ukishuka, umepona kwa gharama ndogo. Usiposhuka, utakuwa umejua kwa hakika kwamba ni ringi ya oili.

Na ulaji wako wa lita 1 kwa kilomita 600 ni mkubwa, sikufichi. Toyota ilipokuwa ikishughulikia malalamiko ya wenye Camry za injini ya 2AZ-FE nchini Marekani, iliweka mpaka wa takriban lita 1 kwa kilomita 1,900, na matibabu ya kawaida kwa gari lililovuka mpaka huo yalikuwa kubadilishiwa pistoni na ringi, wala si kupewa injini nzima. Ninalitaja hili kwa sababu hapa kwetu neno "injini imekufa" hutamkwa mapema mno.

Tuchukulie sasa kwamba vipimo vimethibitisha ringi. Injini inashushwa, pistoni zinatolewa, na hapo ndipo uamuzi wako halisi unapofanyika, kwenye kuta za silinda. Piga tochi ndani: ukiona bado kuna mistari myembamba inayokatizana, ile iliyochorwa kiwandani ili kuta zishike oili, na kidole kikipita bila kukwama popote, basi ringi mpya, metali mpya na usafi vinatosha, na fundi wa kwanza atakuwa amesema kweli. Ukiona mikwaruzo ya wima ambayo ukucha unakwama, au maikromita ikionyesha silinda imepanuka juu kuliko chini, hadithi inabadilika. Bloku ya 1NZ ni ya aluminiamu yenye silinda nyembamba za chuma ndani, kipenyo milimita 75, na kitabu cha ufundi cha Toyota kinaelekeza bloku ibadilishwe pale kipenyo kinapopita kikomo. Kiwanda hakikuiandalia pistoni za saizi kubwa. Pistoni za namna hiyo zipo za watengenezaji wengine, na wapo mafundi wa mashine watakaokubali kuichonga, ila chuma cha kuchonga ni kidogo na nafasi ya kukosea ni ndogo zaidi. Mimi binafsi, kwa Ist ya biashara, nisingeichonga. Hapo ningenunua mtumba.

Kuhusu fedha, rudia hesabu zako. Katika zile 950,000 sikuona kazi ya hedi, sili za valvu, cheni ya taimingi na tensha yake, wala pampu ya maji, vitu ambavyo injini ikiwa imefunguka ni upuuzi kuvirudisha vikiwa vya zamani. Siku nazo zina bei. Ovahoo yenye safari za kwa fundi wa mashine na kusubiri vipuri kutoka Kariakoo huweza kuchukua wiki mbili, yaani hesabu ya shilingi 350,000 isiyokufikia, wakati kubadilisha injini nzima ni kazi ya siku tatu kwa fundi mzoefu, ambayo ni 75,000. Ukiyaweka hayo yote mezani, ile tofauti ya 750,000 iliyokuvutia kwa fundi wa kwanza inabaki ndogo sana, na katika hali nyingine inatoweka.

Injini za petroli za mtumba kutoka Japani zina sababu ya kuwa nyingi na mara nyingi nzuri. Gari la binafsi la Kijapani hupitia ukaguzi wa lazima uitwao shaken, wa kwanza miaka 3 baada ya kusajiliwa likiwa jipya na kisha kila baada ya miaka 2, na kwa kuwa ukaguzi huo una gharama, wenyewe huamua kuliacha gari ambalo injini yake bado ina maisha marefu. Lakini "mara nyingi" haimaanishi hiyo uliyoonyeshwa. Nenda Dar es Salaam mwenyewe, au mtume mtu wako, wala usinunue kwa picha ya simu. Soma herufi zilizogongwa kwenye bloku, kwa sababu 2NZ ya ujazo wa cc 1,298 na 1NZ ya ujazo wa cc 1,497 zinafanana kwa nje kama pacha. Kipenyo cha silinda ni kilekile, tofauti iko kwenye mwendo wa pistoni, milimita 73.5 dhidi ya 84.7. Kuna waliofungiwa 2NZ wakaja kulalamika kwamba gari limepoteza nguvu. Fungua kifuniko cha oili, umulike kemu zake (mihimili inayofungua valvu): rangi ya asali au ya kahawia hafifu ni sawa, lami nyeusi iliyoganda ni oili isiyomwagwa kwa miaka. Ingiza kidole kwenye mdomo wa maji. Kutu ikikutia rangi, aliyekuwa nayo aliitilia maji matupu. Zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili na usikilize mkono wako, si sikio. Linganisha mwili wa throtoli (mlango wa hewa ya injini) na wako, kwani zipo 1NZ za kuvutwa kwa kebo na zipo za umeme, na soketi zake haziingiliani. Kama muuzaji ana betri na starta, ipimwe kompresheni palepale sakafuni. Mwishowe andikishaneni muda wa majaribio kwenye risiti, na mkubaliane kama injini yako ya zamani inabaki kwake kwa kupunguziwa bei au unaondoka nayo.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, tafuta kilichoiua ya kwanza. Mimi mwenyewe, nilipokuwa bado ninashika spana, niliwahi kufunga injini nzuri ya mtumba kwenye gari la mteja na kuliachia rejeta lake la zamani kwa kumhurumia mfuko wake. Miezi miwili baadaye alirudi amevutwa kwa kamba, hedi imepinda. Kwako, kwa kuwa gari halijachemsha, ninashuku mambo mawili. La kwanza ni oili inayomwagwa kwa kuchelewa, jambo la kawaida kwenye gari ambalo dereva analipa hesabu na oili ni ya tajiri. La pili ni vumbi la Dodoma. Toa chujio la hewa ulishike dhidi ya jua: ukiona vitobo vya mwanga, ni kwa sababu linapulizwa kwa kompresa kila wiki badala ya kubadilishwa, na mchanga unaopita hapo unasaga ringi kama jiwe la kunolea. Angalia pia kama themostati ipo. Mafundi wetu wana mazoea ya kuitoa eti injini isichemke, matokeo yake injini haifiki joto lake, petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda, na unanunua ringi mapema.

SWALI LA PILI

Mshauri wetu, shikamoo. Hiace yangu ya dizeli, injini ya 5L, inabeba abiria kati ya Mbeya na Tukuyu. Wiki iliyopita ilianza kugonga chini, taa ya oili ikawaka, dereva akaendelea mpaka kituoni. Tumeshusha sampu (karai la oili) tumekuta vipande vya metali vinang'aa kwenye oili. Fundi anasema krenki imeliwa kwenye shingo moja (sehemu inayokaa ndani ya metali) na anaweza kuijaza kwa kuchomelea kisha ichongwe. Muuzaji mmoja ananiambia ana 5L kutoka Dubai "haijafunguliwa", lakini bei yake ni zaidi ya mara mbili ya ovahoo. Nifanyeje?

Mama mwenye Hiace, Mbeya

JIBU

Marahaba, mama. Wewe fungua na ujenge upya. Nalisema hili bila kusitasita, tofauti na nilivyosita kwa msomaji wa Dodoma, kwa sababu 5L ni mnyama mwingine. Bloku yake ni ya chuma cha kusubu, nene, silinda za kipenyo cha milimita 99.5, na ilibuniwa katika zama ambazo mtengenezaji alitegemea kwamba injini itachongwa, itafungwa pistoni kubwa zaidi au laina (mirija mipya ya silinda), na kurudi barabarani. Vipuri vyake vinapatikana karibu kila mji wenye duka la vipuri vya Toyota, na mafundi wanaoijua wamejaa kila kona. Zaidi ya hapo, injini ya dizeli ya gari la kazi haifiki sokoni kwa njia ileile inayofikisha ile ya petroli kutoka kwa mwalimu mstaafu wa Nagoya, Japani. Aghalabu imetolewa kwenye gari lililokwisha kubeba mizigo mpaka likachoka. Neno "haijafunguliwa" ukilisikia kwa muuzaji wa dizeli, elewa tu kwamba boliti zimepakwa rangi safi.

Krenki isichomelewe. Krenki iliyochomelewa na mtu asiye na tanuru la kuipoza taratibu hubeba mkazo ndani ya chuma, na ikikatika siku ya kupanda mlima na abiria 15, hautakuwa tena mjadala wa bei. Ipelekwe kwa fundi wa mashine isagwe kwa hatua, robo milimita kwanza, na kama uharibifu bado unaonekana, nusu milimita, kisha zinunuliwe metali za saizi iliyolingana na kipimo kilichopatikana. Utaratibu ni huo: mashine kwanza, metali baadaye. Wengi hununua metali asubuhi na kusaga krenki jioni ili ifuate metali. Ikiwa shingo imeliwa kuliko hatua hizo zinavyoruhusu, tafuta krenki nyingine. Muulize fundi wa mashine anapimia nini. Akitoa maikromita kwenye kisanduku chake na kuifuta kabla ya kuitumia, kaa naye, na akitoa rula, aga kwa heshima.

Sasa nisikilize kwa makini kwenye hili, kwa kuwa ndipo ovahoo nyingi za injini zilizogonga zinapofia. Ile metali iliyosagika haikubaki yote kwenye sampu. Vumbi lake limesafiri na oili hadi kwenye njia ndogo zilizotobolewa ndani ya bloku na ndani ya krenki yenyewe, kwenye pampu ya oili na kwenye kipoza oili. Usipovisafisha, injini mpya itawashwa, oili itapanda, na chembe zilezile zitashuka moja kwa moja juu ya metali zako mpya. Vizibo vya njia za oili kwenye bloku vitolewe, njia zipitishwe brashi ndefu na dizeli safi, zipulizwe kwa hewa mpaka kitambaa cheupe kikipitishwa kitoke cheupe. Krenki ifanyiwe vivyo hivyo. Kipoza oili, kwa kuwa hakifunguki vizuri, kibadilishwe. Pampu ya oili ipimwe au iwe mpya. Ukiwa pale gerejini, omba uonyeshwe hicho kitambaa. Fundi mwenye nia njema hatakasirika.

Hedi ipimwe nyufa kwa shinikizo la maji au hewa kabla ya kusawazishwa uso wake, kwani hakuna maana ya kulipia kusawazisha hedi iliyopasuka. Nozo na pampu ya dizeli zipelekwe kwenye benchi, kwa sababu nozo inayotiririsha badala ya kupuliza ukungu huchoma pistoni na kuosha oili kwenye kuta. Mkanda wa taimingi uwe mpya bila mjadala. Injini ikishafungwa, izungushwe kwanza na starta bila kuwaka mpaka taa ya oili izime, ndipo iwashwe. Katika kilomita 1,000 za mwanzo dereva asiibane kwa mzigo kamili wala asiiache ikiunguruma bure kituoni kwa nusu saa, na oili ya kwanza imwagwe mapema, kwenye kilomita 500. Na huyo dereva aliyeiona taa nyekundu akaendelea mpaka kituoni, mama, mweleze kwamba kati ya taa hiyo kuwaka na kituo ndipo krenki ilipoliwa. Angezima pale pale, huenda tungekuwa tunazungumza juu ya metali peke yake.

SWALI LA TATU

Ndugu mshauri, Harrier yangu ya 2.4 ilikuwa inapoteza maji taratibu, ikachemka mara moja. Fundi alidhani ni gasketi ya hedi. Alipofunga upya, boliti tatu za upande wa nyuma zinazunguka tu bila kukaza. Anasema bloku imekwisha, ninunue injini. Pia, nikinunua injini nyingine, kadi ya gari itakuwaje?

Msomaji, Arusha

JIBU

Injini ya Harrier yako, kama ni ya 2.4, ni 2AZ-FE, na ugonjwa huu unajulikana kwake, hasa kwenye zile za miaka ya mwanzo: uzi wa aluminiamu (meno ya skrubu) ndani ya bloku unaoshika boliti za hedi za upande wa nyuma hung'oka, hedi ikanyanyuka kidogo, na maji yakaanza kutoweka kabla hujaona tone lolote sakafuni. Bloku haijakwisha kwa sababu hiyo peke yake. Matundu hutobolewa upya na kuwekewa vikombe vya chuma vyenye uzi ndani na nje, ambavyo hushika kuliko aluminiamu ya awali. Sharti langu ni kwamba matundu yote 10 yawekewe vikombe, si yale matatu tu, na yatobolewe kwa kiongozi kinachoishikilia keekee ikae wima. Kazi ya mkono mtupu itaharibu kile kilichobaki. Boliti ziwe mpya na zikazwe kwa spana ya torki kwa mpangilio wa kitabu. Kabla ya kulipia hayo, hedi ikaguliwe kama haikupinda ilipochemka, na silinda ziangaliwe. Ikiwa gari lilikuwa tayari linakula oili pamoja na kupoteza maji, matatizo mawili makubwa kwenye injini moja yananielekeza kwenye mtumba, lakini hiyo ya mtumba uipime boliti hizohizo kabla ya kuifunga, kwani nayo ni ya ukoo uleule.

Kuhusu kadi, namba ya injini imeandikwa pale pamoja na ya chesesi, kwa hiyo injini ikibadilika gari lako na kadi yake havisemi tena kitu kimoja. Mwombe muuzaji risiti yenye namba ya injini anayokuuzia, na nakala za nyaraka za kuingiza mzigo kama anazo, upeleke maombi ya kubadilisha taarifa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), ambao ndio wenye usajili wa magari. Iarifu na kampuni ya bima. Fanya hivyo wiki hiyohiyo ya kufunga, wakati muuzaji bado anakumbuka sura yako, na upige picha ya namba iliyogongwa kwenye bloku kabla injini haijaingia ndani ya gari, kwa sababu ikishakaa mahali pake utahitaji kioo na tochi kuiona.